Jasho la Nani?

Likizo iliyopita nilitoka Kasese kwenda Bwera, nikakuta waumini wakibishania kuba ya msikiti unaojengwa: iwe ya Kituruki au ya Kihindi?

Nikawatajia Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883. Barghash aliwahi kuishi uhamishoni Bombay. Jumba lake lina nguzo za chuma za kigeni na milango ya nakshi yenye aya za Qur'ani. Mchanganyiko haukulitia doa. Doa ni utajiri wa karafuu zilizochumwa na watumwa.

Hapo fundi wetu akauliza, kwa upole, ujira wake wa miezi miwili. Tukanyamaza.

Mtume (s.a.w.) alitufunza kumlipa mfanyakazi kabla jasho halijakauka. Kesho mbele ya Mola, tutaulizwa kuba ni ya nchi gani, au jasho ni la nani?