Zawadi ya Siri Isiyo Yako

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Huulizwa: mtu aliyeaminiwa siri ya biashara akampa nduguye bila ya kutwaa hata senti, na ndugu akachuma kwayo, je, mtoaji ana makosa? Wengi hujibu: "Hana, kwani hakula kitu, na kumfaa jamaa ni jambo jema." Nasi twasema anayo, na jambo hili limekwisha kutokea Marekani.

Mtumishi wa benki kubwa alikuwa akijua ni kampuni zipi zitakazonunuliwa kabla watu hawajatangaziwa. Ajuaye hayo hununua hisa zingali rahisi, na zipandapo huziuza. Siku moja nduguye alimwomba msaada. Akataka kumpa fedha. Ndugu akakataa, akataka habari, akapewa. Habari hizo zikamfikia shemeji yao, Salman, naye akijua zitokako. Yeye na jamaa mwengine wakagawana faida ya zaidi ya dola milioni 1.5.

Salman aliposhitakiwa alijitetea kuwa mtoaji hakulipwa kitu. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kauli moja ya majaji wote, iliukataa udhuru huo: kumpa jamaa siri aifanyie biashara ni sawa na kuifanyia wewe mwenyewe, kisha ukamtunukia faida. Kifungo chake cha miezi 36 kikathibiti.

Aliyesoma fiqhi ya Imamu Shafi'i hatastaajabu. Sharti ya hiba ni kitu kiwe milki ya mtoaji. Aliyewekewa wadia, akampa mtu mwengine bila ya idhini ya mwenyewe wala dharura, huilipa, ijapokuwa hakufaidika. Na kila mkono upokeao kitu cha ghasbu nao ni mkono wa dhamana. Na apokeaye hali anajua, dhambi pia iko juu yake. Sisemi kuwa siri ni mali kama gunia la karafuu. Nasema kuwa amana ni amana.

Na aliyepunjwa ni yule aliyeuza hisa zake hali hajui. Mtume s.a.w. alikataza kuwalaki wenye misafara njiani na kununua bidhaa zao kabla hawajaijua bei ya soko. Na muuzaji afikapo sokoni, akaona amepunjwa, ana hiari ya kuuvunja uuzaji. Ama mfanyabiashara aliyetambua bei kwa juhudi na akili yake, huyo hayumo katika lawama hii.

Basi, ewe karani ushikaye barua za tajiri wako, jamaa akikujia usiku kuuliza yaliyomo, mpe kilicho chako: fedha yako, chakula chako, na ukiwa huna, mpe neno jema. Yule mtumishi wa benki alikuwa tayari kutoa fedha yake. Lau angalisimama hapo, angalikuwa amemfaa nduguye, na amana ingalisalimika.

Wallahu aalam.