Riwaya na Gazeti: Kadhia ya René Barjavel

Uhusiano baina ya kazi ya sanaa na mwenendo wa aliyeitunga ni swala la kale katika uhakiki. Aghalabu mjadala huhusu yale aliyoyatenda mtunzi nje ya maandishi yake. Kadhia ya René Barjavel (1911-1985), mmoja wa waasisi wa riwaya ya kisayansi ya Kifaransa ya karne ya 20, inalileta swala hilo kwa sura nyingine: kinachobishaniwa si alichokiandika tu, bali pia mahali alipokubali kisomwe.

Barjavel alizaliwa Nyons, kusini-mashariki mwa Ufaransa, mtoto wa mwoka mikate na mjukuu wa wakulima. Aliajiriwa Paris na mchapishaji Robert Denoël, na ni Denoël aliyeitoa riwaya yake Ravage mwaka 1943. Hata hivyo, kabla ya kuwa kitabu, riwaya hiyo ilikuwa imetolewa kwa mfululizo katika gazeti Je suis partout, lililowaunga mkono wazi Wajerumani walioikalia Ufaransa na kuwachochea wasomaji dhidi ya Wayahudi. Robert Brasillach, aliyekuwa mhariri wake mkuu hadi mwaka huo huo, alihukumiwa kifo na kupigwa risasi Februari 1945. Barjavel naye alishukiwa baada ya vita, akaondolewa lawama, akaendelea kuandika. La Nuit des temps (1968) ilimpatia wasomaji wengi mno, na Ravage yenyewe ikaingia katika shule za Ufaransa.

Yafaa kuitazama riwaya kwanza. Mwaka ni 2052, na Paris ni jiji la majumba marefu ambalo kila tendo la maisha limekabidhiwa umeme. Ghafla umeme unatoweka. Vyombo vya angani vinaanguka, maji yanakatika, moto na kipindupindu vinawamaliza watu. Kijana wa shamba, François Deschamps, anaongoza kundi dogo kwa miguu kuelekea kwao Provence. Njiani anajifunza kutawala, na utawala wake hauna huruma: mwenzao aliyekiuka zamu ya ulinzi anauawa kwa amri yake. Wanapofika, inaundwa jamii ya wakulima chini ya baba mmoja mkuu. Wanaume wanaoa wake wengi ili kizazi kiongezeke, vitabu vinachomwa moto, na elimu ya kuandika inaachiwa wakuu wa vijiji pekee.

Si vigumu kuona kwa nini hadithi hii haikulikera gazeti lililoipokea. Serikali ya Vichy chini ya Pétain ilikuwa ikihubiri kazi, familia na nchi ya mababu, na kulisifu shamba kuwa ndilo lisilodanganya. Aidha, msomaji wa Kiafrika hawezi kumpita kimya yule mfalme mweusi wa Amerika ya Kusini anayetangaza vita mwanzoni mwa kisa. Amechorwa kwa rangi za hofu ya Mzungu wa wakati ule, na wahakiki wanaoisifu Ravage kama onyo la mapema kuhusu mazingira mara nyingi humsahau.

Lakini matini haikubali kufungwa hapo. Katika kurasa za mwisho mhunzi mmoja anaunda mashine ya mvuke kwa nia njema ya kuwapunguzia watu jasho. Mzee Deschamps, aliyekwisha kupita umri wa miaka mia moja, anaghadhibika na kuamuru ivunjwe, na vurugu inayofuata inamgharimu maisha. Je, huu ni msiba wa mwenye hekima asiyesikilizwa, au ni kushindwa kwa utaratibu uliodhani waweza kuuzuia mkono wa binadamu usitengeneze kitu? Riwaya haijibu. Ikumbukwe pia kwamba aliyebuni jamii inayochoma vitabu alikuwa mtu aliyeishi kwa kutengeneza vitabu. Kejeli hiyo haiwezi kuwa ya bahati mbaya.

Hapa ndipo watetezi wake wanapokosea hatua. Wanathibitisha, na pengine kwa haki, kwamba riwaya si tangazo la itikadi ya Vichy, kisha wanachukulia kwamba kwa kuisafisha riwaya wamemsafisha mtunzi. Lakini kutunga ni tendo moja, na kutoa ni tendo jingine. Barthes, katika insha yake maarufu iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1968, aliweza kumwondoa mtunzi katika maana ya matini. Hakuna nadharia inayoweza kumwondoa katika uamuzi wa kuipeleka matini hiyo kwa mhariri fulani. Julai 1942 polisi wa Ufaransa walikuwa wamewakamata Wayahudi wapatao 13,000 mjini Paris na viungani mwake. Aliyefungua Je suis partout mwaka uliofuata ili ajue yaliyompata François alipitia kwanza, au alirejea baadaye, kurasa zilizoshangilia mateso ya aina hiyo. Hadithi nzuri ilikuwa sababu mojawapo ya kulinunua gazeti. Na Barjavel alirudi: riwaya yake ya pili, Le Voyageur imprudent, nayo ilianzia humo humo. Mara ya kwanza yaweza kuitwa uzembe wa mwandishi mchanga. Ya pili inahitaji jina jingine.

Kwa upande wa pili, wanaotaka Ravage iondolewe madarasani kwa sababu ya gazeti hilo wanafanya kosa lile lile kwa kinyume: wanaihukumu matini kwa tendo ambalo matini haikulitenda.

Riwaya hiyo ya pili inamhusu mtu anayeweza kusafiri katika wakati. Anarudi Toulon mwaka 1793 ili amuue Bonaparte kabla hajawa mtawala, lakini risasi inampata babu yake mwenyewe. Kwa hiyo hakuzaliwa. Kwa hiyo hakuua. Kwa hiyo alizaliwa. Mwaka 1958 Barjavel aliifungua tena riwaya hiyo na kuiongezea neno la mwisho kuhusu kitendawili hicho, akiuliza kama mtu huyo yupo au hayupo. Kuhusu gazeti, neno hilo la mwisho halisemi lolote.