Kidole Gumba Chini ya Sahihi

Hati ya zamani ya askari wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, ina watu wawili ndani yake. Kuna afisa Mwingereza aliyetia sahihi kwa haraka ya mtu mwenye foleni ndefu mbele yake. Kisha kuna askari mwenyewe: pengine alama ya kidole gumba, pengine jina tu, limeandikwa vile karani alivyolisikia.

Anayekusanya hati za kijeshi humtazama yule wa kwanza. Ulaya na Marekani biashara hii ina miaka mingi. Barua ya Nelson au Napoleon inaweza kupigwa mnada kwa bei ya ploti. Kwetu Kenya pia yako majina yanayotafutwa, likiwemo la Robert Baden-Powell, jenerali aliyeanzisha skauti, akahamia Nyeri mwaka 1938 na kufia huko Januari 1941. Ukiwa na karatasi yenye sahihi yake, hutakosa mnunuzi.

Sina ugomvi na wakusanyaji. Anayehifadhi karatasi kuukuu ni afadhali mara kumi kuliko anayeifungia maandazi. Ninachobisha ni mahali walipoiweka thamani. Sahihi ya mkubwa haina shida: jina lake liko vitabuni, kwenye barabara na kwenye mawe ya makaburi. Yule wa chini, mara nyingi, hana mahali pengine popote alipoandikwa.

Kisa kimoja cha Mwanza kinalieleza jambo hili vizuri kuliko hoja zangu. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa wazee waliopigana chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, malimbikizo ya mishahara ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Jenerali huyo alijisalimisha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Husimuliwa kwamba mtu wa benki alipofika Mwanza na pesa, wazee wapatao 350 walijitokeza, lakini wachache tu ndio waliokuwa na cheti alichowapa jenerali. Wengine walileta vipande vya sare, wengine mikono mitupu. Basi mtu wa benki akamkabidhi kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Hakuna aliyekosea hata amri moja.

Watu husimulia kisa hiki kwa kicheko, na kweli kinachekesha. Lakini wako ambao ufagio usingewasaidia. Mjane wa askari aliyekufa njiani angepiga gwaride gani? Na wapagazi, wale wa Kariakoo, kikosi cha wabeba mizigo cha upande wa Waingereza, waliobeba risasi na unga vichwani mpaka wakaisha kwa kuhara na malaria, ni nani aliyewafundisha kupiga saluti? Kwa watu hao, karatasi ndiyo ingekuwa mdomo wao. Haikuwepo, wakanyamaza.

Huku kwetu Bonde la Ufa, karatasi za jeshi ziligawa mali waziwazi. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwapa mashamba maafisa na wanajeshi Wazungu waliotoka vitani, na bahati nasibu ikachezwa Nairobi ili kuamua nani achague kwanza. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, walowezi wengine waliotoka jeshini wakaja kwa mpango kama huo. Mwafrika aliyerudi kutoka Vita vya Kwanza alikuta kipande kinamngoja: cheti chenye alama za vidole vyake, kikining'inizwa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Mwajiri asipokitia sahihi, mfanyakazi hakuwa na ruhusa ya kutafuta kazi kwingine. Mzee mmoja wa Njoro alinieleza tofauti hiyo kwa ufupi: "Mwanangu, karatasi ya Mzungu ilikuwa ya shamba. Ya babu yangu ilikuwa ya kuonyesha kwamba hajatoroka."

Katika vita vya 1939 hadi 1945, vijana wa vijiji vyetu walipelekwa Abisinia, Madagaska na Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisukumana na Wajapani katika bonde la Kabaw, msimu wa mvua, katika tope na malaria. Waliorudi walikabidhiwa hati ya kuachiliwa na pesa kidogo, wakaambiwa waende nyumbani. Hati hizo ndizo zilizo ndani ya masanduku ya bati chini ya vitanda, Subukia, Molo, Bahati na Kabarnet, zimekunjwa mara nne, panya wakizila pembeni.

Kuna anayesema, hayo yamepita, kwa nini tuyafukue? Jibu lilitolewa na Waingereza wenyewe. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tume hiyohiyo ndiyo inayotunza makaburi ya vita ya Gilgil, ambako nyasi hukatwa vizuri na mawe yana majina. Kukumbukwa namna hiyo kunaanza na orodha. Na asiye na karatasi hawezi kuingia kwenye orodha.

Tusijidanganye kwamba ni hati za sifa tu zinazofaa kutunzwa. Tarehe 24 Januari 1964, wiki sita tu baada ya uhuru, askari wa Batalioni ya 11 ya Kenya Rifles waliasi katika kambi ya Lanet, hapa Nakuru. Jomo Kenyatta akaita majeshi ya Uingereza kuuzima uasi, na baadhi ya askari wakafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Karatasi kama hizo familia huzificha, au huzichoma. Ningeomba zisichomwe. Mjukuu ana haki ya kusoma babu yake alishtakiwa kwa nini na alijitetea vipi, kisha aamue mwenyewe.

Kukusanya kwenyewe si dhambi, na mfano wetu bora alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, alikusanya vitabu, barua, stempu na kazi za sanaa kwa maisha yake yote. Vitabu vilivyochapishwa kabla ya 1900 pekee vilizidi 8,000. Wanunuzi wa ng'ambo walikuja na fedha nyingi, akawakataa, akaiachia serikali ya Kenya mkusanyiko huo kwa bei ya chini. Leo mwanafunzi yeyote anaweza kuingia jengo la Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi akaona alichokitunza. Mkusanyaji wa aina hiyo hutunza kwa niaba ya wengine.

Kwa hiyo, msomaji, fungua sanduku la mzee akiwa bado hai kukueleza. Piga picha pande zote mbili za kila hati, kwa maana nyuma ndiko karani alikoandika mengi. Andika jina la mwenyewe kama familia inavyolitamka, pamoja na ukoo na kijiji, kwa sababu lile la jeshini huenda limepotoshwa. Kisha peleka nakala kwa watu wa Nyaraka, halisi ibaki kwenu mkitaka.

Na siku akija mgeni mwenye adabu, akakuambia ananunua karatasi za kale za jeshi, muulize swali moja kabla ya kutaja bei: kwenye orodha yako, hii utaiandika kwa jina la nani? Akitaja afisa peke yake, mpe chai, kisha umsindikize hadi langoni.