Siri ya Mgonjwa

Mtu anapougua humfunulia tabibu mambo ambayo pengine hajapata kumwambia hata ndugu yake wa tumbo moja. Mambo hayo huandikwa. Je, yakiisha kuandikwa ni mali ya nani?

Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi ambamo nyumba nyingi ni za mabati na kikohozi cha mtu husikiwa na jirani, mgonjwa mara nyingi huenda zahanati na daftari dogo kama la mwanafunzi. Likilowa mvua au likipotea, tabibu mwingine hajui dawa ipi ilimdhuru, wala tiba ya kifua kikuu, ambayo kwa kawaida huchukua miezi 6, imefika wapi. Ndiyo sababu zahanati nayo haina budi kuweka kumbukumbu zake.

Lakini hapo ndipo penye shida. Karatasi ni ya zahanati. Siri iliyomo ni amana, na mwenye kuwekewa amana haitumii ila kwa jambo aliloambiwa. Mwaka 2015 Rais wa Kenya aliagiza zikusanywe habari za wanafunzi wenye virusi vya UKIMWI. Nia iliyotajwa ilikuwa kuwasaidia, wala sioni sababu ya kuishuku. Walakini mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo hilo lilivunja haki ya faragha iliyomo katika Katiba ya 2010. Na kwangu mimi iliamua sawa, maana mtoto alipimwa apate dawa, si aingizwe katika orodha.

Sheria, hata hivyo, haifiki kila mahali. Karani atajaye maradhi ya mtu kwa sauti mbele ya safu ya wagonjwa hakuvunja kufuli lo lote, na mwezi ujao mgonjwa yule huenda asirudi kuchukua dawa.