Saa za Mzazi, Haki ya Mtoto

Kituo cha kulelea watoto kinachopokea mtoto saa yoyote ni msaada mkubwa kwa muuguzi wa zamu ya usiku au mama anayedamkia sokoni. Lakini katika mapatano ya mzazi na kituo, mtoto hana sauti. Je, ni haki nafasi anayoipata mzazi igharimiwe na utulivu wa mtoto?

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hajui saa wala ratiba. Anajua watu: sauti zao, harufu yao, namna wanavyombeba. Mwaka 1969, James na Joyce Robertson walitoa filamu ya John, mtoto Mwingereza wa miezi 17, aliyewekwa siku tisa katika makao ya watoto mama yake alipokwenda kujifungua. Walezi hawakuwa wakatili, ila walipokezana zamu, na hakuna aliyekabidhiwa John awe wake. Alimfuata huyu, akamfuata yule, mwisho akakata tamaa, akawa anajilaza juu ya dubu mkubwa wa kuchezea. Mama aliporudi, John alilia na kujinasua mikononi mwake.

Hilo halitoshi kuvihukumu vituo vyote. Utafiti ulioanza Marekani mwaka 1991, uliofuatilia watoto zaidi ya 1,300, haukuona kuwa kulelewa kituoni peke yake kunaharibu mapenzi ya mtoto kwa mama. Hatari ilijitokeza pale mama asiye mwepesi kumwitikia mwanawe alipomweka pia katika malezi hafifu, ya saa nyingi, au ya kuhamishwahamishwa. Kinachomuumiza mtoto, basi, si saa kubadilika. Ni kubadilika kwa mikono.

Dini nayo haikumfunga mzazi. Katika Kurani, aya ya 233 ya Sura al-Baqara inaruhusu mtoto anyonyeshwe na mwanamke mwingine, mradi alipwe kwa wema. Tena inakataza mzazi kutiwa taabuni kwa sababu ya mwanawe. Sharti la ujira lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Mlezi anayepunjwa huondoka, na anapoondoka mtoto hufiwa na mtu ambaye hakuna anayemlilia pamoja naye.

Kwa hiyo kituo chenye saa za kubadilika kinawajibika kumpa kila mtoto mlezi wake maalumu, kumlipa mlezi huyo vizuri, na kumzoesha mtoto kwa mlezi wa akiba mzazi angali amekaa naye chumbani.