Kamba ya Zaynab: Nguvu Zako ni Amana



Shukrani zote ni za Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Maswahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake hadi Siku ya Mwisho. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, zimebaki wiki chache mitihani ianze, na kama ilivyo kawaida yetu, yameanza mashindano yasiyo na mshindi. Asubuhi kwenye foleni ya chai utamsikia mmoja akisema, "Mimi jana nimelala saa 9 usiku." Mwenzake anamjibu, "Wewe una raha, mimi kitanda sijakigusa." Wanaosikiliza wanatikisa vichwa kwa heshima. Aliyelala saa 4 anakaa kimya kana kwamba ametenda dhambi. Wakati huohuo, msikitini kwetu safu za Alfajiri zinazidi kupungua. Hilo ndilo lililonisukuma kushika kalamu.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba siku moja Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa kati ya nguzo mbili. Akauliza ni ya nini. Akaambiwa ni kamba ya Zaynab: akichoka katika swala, huishika ili asianguke. Mtume (s.a.w.) akaamuru ifunguliwe, akafundisha kwamba mtu aswali akiwa na nguvu zake, na akichoka apumzike.

Tuitazame vizuri hadithi hii. Zaynab (r.a.) hakuwa akipoteza wakati. Alikuwa msikitini, katika ibada iliyo bora kuliko zote. Nia yake haina shaka. Pamoja na hayo, kamba ilifunguliwa. Kama kamba ya kuzuia mtu asianguke katika swala ya sunna haikukubaliwa, tuseme nini juu ya kamba zetu sisi? Zetu ni kahawa ya nne usiku, vinywaji vya kuongeza nguvu vya makopo, na kwa wengine hata mairungi. Tunajifunga kwenye nguzo ili tusianguke, halafu tunaita hiyo bidii.

Mwili una haki yake

Salman al-Farisi (r.a.) alipomtembelea ndugu yake Abu Dardaa (r.a.), alimkuta mke wake, Ummu Dardaa, amejiachia, hajijali tena. Alipomuuliza sababu, akajibu kwamba Abu Dardaa hana haja na dunia. Mchana anafunga, usiku anaswali. Salman akamfanya avunje saumu yake ya sunna ale pamoja naye. Usiku Abu Dardaa alipotaka kuinuka kuswali, Salman akamwambia alale. Akainuka tena, akamrudisha tena. Ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku, Salman akamwamsha, wakaswali wote wawili. Kisha akamweleza kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na familia yake ina haki juu yake, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume (s.a.w.), akasema Salman amesema kweli. Hadithi hii imo katika Sahih Bukhari.

Neno lililotumika hapo ni haki. Usingizi wa kutosha, chakula cha kawaida na muda wa kuwapigia simu wazazi Bujumbura, Bukavu, Mombasa au Kigoma si zawadi unayojipa baada ya kumaliza kazi zote. Ni deni unalodaiwa, na mwenye kuchelewesha deni akiwa na uwezo wa kulipa anadhulumu.

Siku yetu inaanza na mapumziko

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna jambo mkononi ambalo hatulitafakari. Jua likizama Alhamisi, wazee wetu wa pwani husema sasa ni usiku wa Ijumaa. Mwezi wa Ramadhani ukiandama, tunaswali Tarawehe usiku huohuo kabla ya kufunga saumu ya kwanza. Maana yake siku ya Muislamu inaanza Magharibi. Kwanza Magharibi, kisha Isha, kisha usingizi, halafu Alfajiri, na baada yake kazi. Hata katika Surat An-Nabai Allah (s.w.) anataja kwanza usingizi kuwa ni mapumziko, kisha usiku kuwa ni vazi, ndipo anataja mchana kuwa ni wa kutafuta maisha.

Tukiipanga siku namna hii, usingizi unakuwa mtaji unaouingia nao sokoni. Wengi wetu tunaufanya kuwa mabaki ya faida, tunaulalia pale tu kazi inapobakisha nafasi. Mfanyabiashara anayeingia sokoni bila mtaji hata kama ana bidii ya simba atarudi na madeni.

Tena sisi tuliopo hapa Uganda tumepewa neema ya ziada. Ikweta inapita katika nchi hii, kwa hiyo nyakati zetu za swala hazisogei hata saa nzima kwa mwaka mzima. Ndugu zetu wanaosoma London, mwezi wa Juni jua linawazamia baada ya saa 3 usiku, na Desemba linazama kabla ya saa 10 alasiri. Wao kila miezi michache wanapanga maisha upya. Sisi ratiba tuliyopewa na Allah imesimama, sisi ndio tunaohangaika.

"Lakini wanazuoni walikesha"

Hoja hii huletwa mara nyingi, na ni ya kweli. Walikesha. Lakini imepokelewa kwamba Imam Shafi'i (r.h.) aliugawa usiku wake mafungu matatu: la kwanza kuandika, la pili kuswali, la tatu kulala. Hata yeye, pamoja na elimu ile yote, alilala.

Na tunaye aliye bora zaidi. Mtume (s.a.w.) alimfundisha Abdullah bin Amr (r.a.), kijana aliyekuwa akiswali usiku kucha, kwamba swala ya usiku inayopendwa zaidi na Allah ni ya Nabii Daud (a.s.). Alilala nusu ya usiku, akasimama theluthi, akalala tena sudusi. Tufanye hesabu. Hapa kwetu kutoka Magharibi hadi Alfajiri ni kama saa 10 na nusu. Nusu na sudusi kwa pamoja ni theluthi mbili, yaani saa 7. Hiyo ndiyo qiyamu bora kuliko zote, na ndani yake mna saa 7 za usingizi! Abdullah huyohuyo alipozeeka na ibada aliyojipangia ikamlemea, alitamani lau angeipokea ruhusa aliyopewa na Mtume (s.a.w.).

Tuanzie kwenye jumuiya yetu

Ningependa nasaha hii isiishie kwa mtu mmojammoja. Sisi wenyewe, kama jumuiya, tunafunga kamba. Vikao vya kamati vinaanza baada ya Isha na kumalizika saa 5 usiku, na Mtume (s.a.w.) alikuwa akichukia mazungumzo baada ya Isha. Darsa, kutembelea wagonjwa, madrasa ya watoto wa mtaani, mapokezi ya wanafunzi wapya: angalia orodha za majina, utakuta ni watu walewale watano. Dada mmoja wa mwaka wa pili aliniambia kwamba Ramadhani iliyopita alikuwa jikoni kila Alasiri akipika futari ya watu wote, na Tarawehe aliisikia kwa mbali tu huku akiosha masufuria. Mwaka huu amejitoa, na hata darsa za akina dada haji tena. Sisi tukasema imani yake imeshuka. Je, hatukumchosha sisi?

Kazi hizi ni fardhi kifaya. Maana ya fardhi kifaya ni kwamba mzigo ni wa wote, na wakiuacha wote, wote wanaulizwa. Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, vikao vyote vihamie baada ya Alasiri, na baada ya Isha kusiwe na kikao isipokuwa dharura ya kweli, kama msiba au mgonjwa. Pili, zamu ya futari iwe ya kaka na dada kwa wiki, sufuria haichagui mkono. Tatu, mtu asishike majukumu zaidi ya mawili kwa muhula.

Na kwa kila mmoja wetu: kitabu kigumu kiwekwe baada ya Alfajiri, kwa sababu Mtume (s.a.w.) aliuombea umati wake baraka katika asubuhi zake za mapema. Lala kidogo mchana ukipata nafasi, hiyo ni qailula na ni sunna. Soma kurasa chache kila siku tangu wiki ya kwanza, kwani amali ipendwayo zaidi na Allah ni ile ya kudumu, hata ikiwa ndogo.

Asije mtu akaifanya makala hii kuwa mto wa kulalia. Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Allah na uvivu. Kulala kifudifudi na simu hadi saa 7 usiku ukitazama video fupifupi si mapumziko, kwani mwili haujalala na akili haijasoma. Na ametuonya kuwa neema mbili watu wengi hupata hasara ndani yake: afya na wasaa. Anayeiharibu afya ili apate wasaa, na anayeuharibu wasaa wakati afya anayo, wote wawili wamo katika hasara hiyo.

Ewe Mola wetu, tubarikie nyakati zetu na miili yetu, utusahilishie mitihani yetu, uwarudishe kwetu ndugu zetu tuliowachosha, na ututie nguvu za kusimama mbele yako bila kamba. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.