Akiba Isiyotozwa Kodi: Je, Imesalimika na Haki Zote?

 

Alinijia mtu mmoja baada ya darsa ya alasiri, hapa Morogoro mjini. Ni mchuuzi wa ndizi na mananasi, ashukaye na mzigo wake kutoka Kinole. Nduguye alifariki akamuusia watoto watatu pamoja na mali yao, na tangu arubaini fedha hizo amezifunga katika kitambaa. Akasema, "Sheikh, nimeambiwa iko akiba ya vipande ambayo Serikali haiitozi kodi. Ikiwa hata Serikali haidai kitu, si ndiyo mali safi hiyo?"

Ndugu zangu, swali hili si la mtu huyu peke yake, na kabla ya kulijibu yatupasa tufahamu jambo lenyewe. Mtu akiweka fedha benki katika akiba yenye riba, Serikali hukata fungu moja katika kumi la ile riba kabla haijamfikia. Riba ikiwa shilingi 50,000, hukatwa 5,000. Ama vipande ni njia nyengine. Mwaka 2005 ulianzishwa Mfuko wa Umoja, na mwaka 2008 Mfuko wa Watoto, yote miwili chini ya UTT. Fedha za watu wengi, mkulima na karani na mjane, hukusanywa pamoja. Wasimamizi hununua kwazo hisa za makampuni na hatifungani za Serikali. Kisha thamani ya mali yote, baada ya kutolewa gharama, hugawanywa kwa idadi ya vipande, na hiyo ndiyo bei ya kipande kimoja. Mali ikipanda kipande hupanda, ikishuka nacho hushuka. Faida aipatayo mwenye vipande haitozwi kodi ya mapato. Wenzetu walioko Uingereza nao wana akaunti za namna hii tangu mwaka 1999, ambazo mtu hawezi kutia zaidi ya pauni 20,000 kwa mwaka.

Basi je, ni aibu kuupokea msamaha huu? La. Serikali inataka fedha zilizolala majumbani zitoke zikafanye kazi, na kwa hilo imeacha haki yake. Mwenye kuachiwa na achukue. Lakini mwenye deni husamehe deni lake. Hasamehi deni la jirani. Hapo ndipo alipoteleza yule ndugu yetu, na wengi wetu pamoja naye.

Hatifungani ni nini? Ni kukopesha fedha na kurudishiwa zaidi kwa sharti lililoandikwa. Mwenyezi Mungu ameharimisha riba katika Sura ya al-Baqara, wala hakusema ila ile isiyotozwa kodi. Hisa ni ushirika katika biashara, nao asili yake ni halali. Lakini katika soko la hisa la Dar es Salaam, lililoanza kazi mwaka 1998, huuzwa hisa za kiwanda cha saruji, na huuzwa vile vile za kiwanda cha pombe, cha sigara, na za mabenki. Mwanzoni mwa karne iliyopita Waislamu wengi wa Misri waliikataa faida ya sanduku la akiba la Posta. Shauri likafika kwa Sheikh Muhammad Abduh, na Sayyid Rashid Ridha akaliandika katika al-Manar; wakatafuta njia ya kuigeuza akiba ile iwe mudharaba, mmoja atoe mali, mwengine afanye kazi, wagawane faida. Walichotaka kukijua ni fedha ile inafanya kazi gani. Kwetu pia mlango huo umekwisha kufunguliwa. Benki ya Amana ilianza mwaka 2011 kwa misingi isiyo ya riba.

Nami nikiri kosa langu. Miaka iliyopita mtu aliniuliza swali karibu na hili, nikamjibu kwa neno moja, haramu, nikarudi katika kitabu changu. Sikumwonyesha njia nyengine. Akazitia fedha zake sandukuni, na masika yalipokwisha akakuta mchwa wamezila noti. Mufti afungaye mlango bila ya kuonyesha ulio wazi, nusu ya hasara ile ni yake.

Tena hawa ni mayatima. Katika madhehebu yetu ami hana mamlaka juu ya mali ya yatima kwa kuwa ni ami tu. Huyu anayo kwa kuwa aliusiwa, naye ni wasii. Na Imamu Shafi'i, kinyume cha Imamu Abu Hanifa, asema zaka ni wajibu katika mali ya mtoto, na mwenye kuisimamia ndiye wa kuitoa. Kwa hiyo Sayyidna Umar aliamrisha mali ya mayatima ifanyiwe biashara, isije ikaliwa na zaka. Mali iliyofikia nisabu, yaani thamani ya dhahabu gramu 85 kwa hesabu ya wengi, ikilala kitambaani hutoka humo fungu moja katika 40 kila mwaka, na bei za vitu huila iliyobaki. Kuificha, basi, si kuihifadhi.

Nilimwambia aende akatake karatasi ya mfuko ionyeshayo mali inanunua nini. Baada ya Ijumaa alikuja nayo. Tulisoma mstari kwa mstari, naye akitia alama ya wino kila palipoandikwa hatifungani, na alama zilikuwa nyingi. Akaazimia kuzipeleka fedha katika akiba ya mudharaba. Kisha akauliza zaka aihesabu tangu lini. Tukaandika katika daftari lake siku mali ilipotimia nisabu, kwa mwezi wa Kiislamu, kwani mwaka wa benki umeuzidi mwaka wetu kwa siku kama 11.